Mang'ati: Jina Lililotoka kwa Adui

Nchi ya Mbulu na Hanang imebeba lugha ambazo hazina nasaba moja. Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, Kidatoga ni cha Kiniloti, Kiswahili ni Kibantu, na Kihadza hakina ndugu anayejulikana popote. Mahali kama hapo kila kabila huwa na jina linalojiita na jina jingine ambalo majirani wamelipachika. Hilo la pili ndilo litembealo sokoni na njiani, na mara nyingi ndilo liingialo katika vitabu vya serikali.

Baadhi ya majina hayo hayana madhara makubwa. Wairaqw huitwa Wambulu kwa sababu ya mji ambao wenyewe huuita Imboru, na Wahadzabe wa Yaeda Chini waliandikwa Watindiga kwa miaka mingi. Walakini jina la Mang'ati lina uzito wa namna nyingine.

Wadatoga walikuwa wakilisha ng'ombe katika nyanda za juu za Ngorongoro kabla Wamaasai hawajawasukuma kusini katika karne ya 19. Katika Kimaasai, il-mang'ati maana yake ni maadui. Yamkini halikuwa tusi tupu, kwani mtu hamwiti adui yule asiyemhofu. Lakini neno likihama hupoteza kinywa kilicholitamka. Kiswahili kililipokea bila kuuliza maana yake, kikalivika viambishi vyake, likawa Mmang'ati na Wamang'ati kana kwamba lilizaliwa pwani. Hata uwanda ulio chini ya mlima Hanang ukajulikana kwa jina hilo. Koo za Kidatoga ni nyingi, wakiwamo Wabarabaig, Wagisamjanga na Wabajuta, nazo zote zikamezwa na neno moja la mtaani, ambalo katika mizaha ya mjini humaanisha mtu mkali asiyeogopa mkuki.

Je, neno laweza kuwa na madhara gani? Tutazame habari za ngano. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO), kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa katika uwanda wa Basotu, ambayo hatimaye yalifikia takriban ekari 100,000. Machoni pa wapangaji ile ilikuwa nchi tupu. Wabarabaig wana neno lao, muhajega, yaani malisho yenye rutuba kuliko yote, ambayo mifugo huletwa kwa msimu wake na kisha huachwa yapumzike. Yule aonaye malisho yaliyopumzika bila kujua neno hilo, ataona pori tu. Na yule aliyekwisha kusikia kwamba wenyeji wake ni "Mang'ati", watu wa mkuki na wa kuhamahama, hatasumbuka kuuliza. Matrekta yalipita hata juu ya bung'eda, vilima vya makaburi ya wazee wao.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 1984. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Katika shauri hilo neno lililopimwa kwa makini lilikuwa "mwenyeji", kwa maana ya sheria ya ardhi iliyoachwa na Waingereza, na baadhi ya wadai hawakuweza kuthibitisha kuwa linawahusu. Jambo hili lastahili kutafakariwa na kila mtu anayedhani kwamba maana za maneno ni kazi ya wanafunzi wa lugha peke yao.

Leo, Hanang ikiwa ndani ya Mkoa wa Manyara ulioanzishwa mwaka 2002, jina la Mang'ati halijaondoka. Vitabu vya wataalamu husema Wadatoga, lakini katika mji wa Katesh kijana huweza kujitaja Mmang'ati mbele ya mgeni ili aeleweke upesi, na kwa wenzake akajitaja kwa ukoo wa baba yake.