Farasi wa Mbio wa Uingereza

Wengi hudhani ya kuwa farasi wa mbio wa Uingereza ni wa huko tangu asili, sivyo. Baba zao walitoka mashariki. Mwaka 1704 Thomas Darley, mfanya biashara aliyekaa Aleppo katika nchi ya Shamu, alimpeleka kwao Yorkshire farasi dume wa Kiarabu. Na leo, katika kila madume 10 ya mbegu hiyo, zaidi ya 9 ni uzao wake kwa upande wa baba. Nasaba zao huandikwa kitabuni tangu 1791.

Lakini la ajabu ni hili. Farasi jike hushika mimba siku zinaporefuka, kwa maana mwili wake hufuata mwanga wa jua. Naye huichukua karibu miezi 11. Sheria ya wanadamu, hata hivyo, humhesabu kila mtoto wa kaskazini ya dunia kuwa amezaliwa tarehe 1 Januari. Basi aliyezaliwa Mei hushindanishwa na wa Januari kana kwamba ni rika moja, naye amepungukiwa miezi minne ya kukua! Kwa hiyo wafugaji huwasha taa mabandani wakati wa baridi, wakimdanganya mama kuwa majira mema yamewadia. Na mwana huzaliwa majani mabichi yangali hayajaota.