UKUNGU NDANI YA NYUMBA, SEHEMU YA 4: BARAFU KAVU ILIVYOFIKA UKUTANI

Wiki hii nimetumiwa inboksi video moja na watu kibao. Fundi kavaa ovaroli na barakoa, kashika bomba linalotoa moshi mweupe kwa kelele, na mbao za dari zilizokuwa nyeusi kwa ukungu zinabaki kama zimetoka kwa seremala jana. Swali lenu ni moja: nesi, hii kitu ni salama kwa mtoto? Nitajibu, ila tupite kwanza kwenye historia yake, maana jibu limejificha humo.

Kukwangua ukungu ukutani si jambo geni. Wasomaji wa Biblia fungueni Mambo ya Walawi sura ya 14. Nyumba ikitokwa na madoa ya kijani au mekundu ukutani, kuhani anaitwa. Kabla hajaingia anaagiza vyombo vyote vitolewe nje, kisha anakagua na kuifunga nyumba siku 7. Akirudi akakuta madoa yameenea, mawe yenye madoa yanang'olewa, kuta zinakwanguliwa ndani pande zote, na kifusi kinatupwa nje ya mji. Madoa yakirudi tena, nyumba inavunjwa. Jicho la kinesi linapenda vitu viwili hapo: kutoa vitu kwanza, na kurudi kuangalia kama tatizo limekwisha kweli. Mafundi wengi wa leo hicho cha pili hawana.

Sasa barafu kavu. Hii si maji yaliyoganda. Ni hewa ukaa, ileile tunayoitoa puani, iliyogandishwa mpaka nyuzi 78 chini ya sifuri. Mwaka 1835 Mfaransa Adrien Thilorier alieleza alivyofungua chombo cha hewa ukaa iliyogeuzwa kuwa kimiminika kwa mgandamizo mkubwa. Nyingi ikaruka hewani, na iliyobaki ikawa kitu cheupe kama theluji. Kilipopata joto hakikuyeyuka kuwa maji, kikawa hewa moja kwa moja. Ndiyo maana ya "kavu". Miaka ya 1920 Wamarekani wakaanza kuiuza kibiashara, ikasafirisha vyakula na aiskrimu. Sisi wauguzi wengi tumeisikia kwenye korona, maana chanjo ya Pfizer ilisafirishwa imezungukwa nayo.

Aliyewaza kuitumia kama risasi hakuwa mtu wa usafi wa nyumba. Mwaka 1963 Mmarekani Reginald Lindall alipata hataza ya kutoa nyama kwenye mfupa kwa kurusha chembe za barafu kavu. Ndiyo, buchani! Mwaka 1972 Edwin Rice akapata hataza ya kuondoa sehemu zisizotakiwa kwenye kitu kwa chembe hizohizo zilizorushwa kwa kasi, na 1977 Calvin Fong wa kampuni ya ndege ya Lockheed akaja na yake, badala ya kupiga kwa mchanga. Mchanga unakwaruza na unabaki, inabidi uufagie. Barafu kavu ikishagonga inapotea. Kufikia 1986 kampuni ya Cold Jet ilikuwa imeanzishwa kule Ohio kutengeneza mashine zake, na baadaye kazi ikatoka viwandani ikaingia majumbani, hasa kwenye mbao za dari zenye ukungu.

Kinachofanyika ni hivi. Kompresa inasukuma vipande vidogo kama punje za mchele. Punje inagonga, baridi kali inaufanya uchafu usinyae na kukatika, halafu punje inageuka hewa ghafla na kutanuka mara mamia, inausukuma uchafu utoke. Hakuna maji. Kwa ukungu hilo ni jambo kubwa, kwa sababu ukiosha mbao kwa maji mengi bila kuzikausha umeulisha adui.

Hapo naisifu. Ila sikilizeni, kazi yake hasa ni kung'oa. Msiitegemee kuua ukungu wote. Mbegu za ukungu, ambazo ni ndogo kuliko macho yanavyoweza kuona, zinarushwa hewani. Fundi asipoziba chumba kwa nailoni na kutumia mashine ya kufyonza yenye chujio laini sana, ukungu wa dari moja unakwenda kulala kwenye magodoro ya nyumba nzima. Mwenye pumu ndiye atakayelipa.

Na kuna hewa yenyewe. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatuama chini. Ndugu zetu wa Goma na Sake wanaijua bila kufundishwa, wanaiita mazuku: hewa ukaa inayotoka ardhini kwenye eneo la volkano na kujikusanya mabondeni. Haina rangi, na imeua mifugo na watu. Aliye chini ndiye anayeivuta kwanza, yaani mtoto kabla ya mtu mzima.

Piga hesabu na mimi. Kilo 1 ya barafu kavu ikigeuka hewa inatoa zaidi ya lita 500. Kilo 2 zikiishia kwenye chumba cha mita 3 kwa 3 kilichofungwa, hewa ukaa inapita asilimia 4, kiwango ambacho taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, inakihesabu kuwa hatari kwa uhai papo hapo. Na mashine hizi hutumia zaidi ya kilo 2. Kichwa kinauma, pumzi inaenda mbio, usingizi wa ajabu unakuja, halafu mtu anazimia. Sasa fikiria mtoto anayetambaa.

Lakini kinachoniuma zaidi kwenye habari ya ukungu hakina mashine ndani yake. Mji wa Rochdale, Uingereza, familia kutoka Sudan iliishi kwenye nyumba ya kupanga yenye ukungu. Baba aliripoti mwaka 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Desemba 2020 mwanawe Awaab Ishak alifariki, ametoka tu kutimiza miaka 2. Novemba 2022 uchunguzi wa kifo chake ulisema wazi: ugonjwa wa njia ya hewa uliotokana na kuishi muda mrefu ndani ya ukungu, kwenye nyumba isiyopitisha hewa vizuri. Mwaka 2023 Uingereza ikapitisha sheria inayobeba jina lake, ya kuwalazimisha wenye nyumba za jamii kushughulikia unyevu na ukungu kwa muda uliopangwa.

Rangi inafunika, barafu kavu inang'oa, lakini bomba linalovuja halijaguswa na yeyote kati yao.

Basi jibu langu kwenu. Hiyo huduma ikifika mtaani kwako, muulize fundi kwanza maji yanatoka wapi. Akikosa jibu, funga pochi. Akijua, na amerekebisha, afanye, lakini mtoto, mjamzito, bibi na mwenye pumu watoke nyumba nzima, siyo chumba cha jirani. Fundi awe na kipimo cha hewa ukaa na feni inayotoa hewa nje, na msirudi mpaka nyumba imefyonzwa na kupigwa upepo. Mabaki ya barafu aondoke nayo. Yanaunguza ngozi kama moto, na kuyafungia kwenye chupa ni kutengeneza bomu.

Mtoto anayekohoa usiku wiki nzima, au kifua kinapiga filimbi, mlete kituoni, na mwambieni daktari kuhusu ukuta wenu hata asipouliza.

Sehemu ya 5 ni jiki.