Na Sufuria Je?

Nilitahiriwa Desemba, baada ya darasa la nane, na tangu siku hiyo sikuosha tena hata kijiko. Hakuna aliyenikataza. Kwetu Embu, kama huko Meru, kijana akishatahiriwa jikoni si pake, basi. Vyombo vikabaki kwa Mama na dadangu. Sasa vidole vya Mama vimeanza kukakamaa kwa baridi yabisi, nami nikajiambia: pesa kidogo ipo, tununue mashine ya kuosha vyombo.

Kabla ya kulipa nikataka kujua imetoka wapi. Josephine Cochrane alikuwa mwanamke wa maisha mazuri huko Shelbyville, Illinois, Marekani. Wafanyakazi wake walipoosha sahani zake za kauri, kingo zilimeguka, na hilo lilimkera. Hebu ona: mashine haikubuniwa kuokoa mikono ya wale wafanyakazi. Ilibuniwa kuokoa sahani. Mumewe alipofariki 1883 akimwachia madeni, wazo hilo likawa riziki. Alipima vyombo, akatengeneza vizimba vya waya vya kuvishika, akavipanga kwenye gurudumu ndani ya pipa la shaba, maji moto ya sabuni yakirushwa kwa nguvu. Hati ya uvumbuzi alipewa tarehe 28 Desemba 1886. Kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, 1893, mashine zake ziliosha vyombo vya mikahawa. Wateja wake walikuwa hasa mahoteli. Majumbani haikuingia kirahisi: ilikuwa ghali, na nyumba nyingi hazikuwa na maji moto ya kutosha.

Hapo nikacheka, maana ni kama nilikuwa nasoma habari za boma letu. Mabwawa ya mto Tana yako huku huku, chini upande wa Mbeere. Kindaruma ilianza kutoa umeme 1968, Kiambere 1988, na miaka hiyo yote nyaya zilipita juu ya nyumba za watu waliosoma kwa koroboi. Kwetu stima iliingia nikiwa tayari nimehamia Nairobi. Mfereji nao hutoa maji siku mbili kwa wiki.

Embu mjini nilipata mashine moja tu, nikapanda matatu hadi Meru kutafuta zaidi. Muuzaji alikuwa mkweli. Ya siku hizi hupasha maji yenyewe, akasema, na hutumia lita 10 hivi kwa mzunguko mmoja, chini ya mtungi. Ila inataka bomba lenye presha na njia ya kutoa maji machafu.

“Na sufuria je?”

“Za alumini zitapoteza rangi, ziwe nyeusi nyeusi. Na masizi ya kuni hayatoki humo, bosi.”

Mama hupika githeri kwa kuni, kwenye sufuria ya alumini inayotosha mtoto kuoga. Kwa hivyo mashine ingeosha vikombe.

Nikampigia dadangu nimwelezee. Akasikiliza mpaka mwisho. “Na nani atakuwa anaipakia?”

Sikununua. Jumamosi nilienda nyumbani, nikaketi kwenye kigoda karibu na mfereji, nikavuta ile sufuria.

“We, toka hapo, watu watakuona,” Mama akasema.

Sikutoka. Akachungulia barabarani kama kuna jirani anayepita, kisha akainama kando yangu akinionyesha: jivu kwanza, sabuni baadaye.