Hitilafu za monita ya kompyuta

Hitilafu za monita ya kompyuta ni kasoro zinazofanya monita, yaani kiwambo cha nje kinachounganishwa na kompyuta kwa waya, isionyeshe picha au ionyeshe picha yenye dosari. Mara nyingi monita inayodhaniwa kufa ni nzima, na kasoro iko kwenye waya, soketi au mpangilio wa kompyuta. Kwa hiyo uchunguzi huanzia nje ya monita, na hubadilishwa kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

Mazingira ya Kyela

Wilaya ya Kyela katika Mkoa wa Mbeya iko kwenye tambarare ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa, karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Ni eneo la joto, na hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Unyevu huo hutia kutu pini za waya. Radi, pamoja na umeme unaorudi ghafla baada ya kukatika, huweza kuunguza sehemu za ndani. Karibu na ufuko, kwa mfano Matema na Itungi, wadudu wa ziwani hufuata mwanga usiku na huweza kuingia kwenye matundu ya monita.

Monita iliyotoka kwenye baridi ya milima ya Rungwe hutoa jasho ikifikishwa kwenye joto la Kyela. Inafaa iachwe saa kadhaa bila kuchomekwa, hadi unyevu ukauke.

Monita isiyowaka

Ikiwa taa ndogo ya monita haiwaki, umeme haufiki au saketi ya ndani imeharibika. Soketi hujaribiwa kwa kifaa kingine, kama chaja ya simu. Plagi ya pini tatu kwa kawaida huwa na fyuzi ndani yake, nayo huweza kuungua. Waya wa umeme wa monita nyingi hufanana na ule wa kompyuta ya mezani, hivyo unaweza kubadilishwa kwa majaribio.

Monita inayowaka bila picha

Taa ikiwaka, au maandishi yakieleza kwamba hakuna mawimbi kutoka kwenye kompyuta, umeme unafika. Hatua zinazofuata ni hizi:
1. Kukaza waya wa picha pande zote mbili, kisha kujaribu mwingine.
2. Kuchagua kwenye menyu ya monita tundu linalotumika, kama VGA au HDMI.
3. Kwa kompyuta ya mkononi yenye Windows, kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na P na kuchagua kiwambo cha nje.
4. Kuunganisha monita na kompyuta nyingine. Ikionyesha picha, kasoro iko kwenye kompyuta ya kwanza.

Picha yenye dosari

* Rangi moja kukosekana: waya wa VGA una nafasi za pini 15, na rangi nyekundu, kijani na buluu hupita kila moja kwenye pini yake. Pini ya buluu ikipinda, picha huwa ya manjano.
* Picha hafifu inayoonekana kwa kumulika tochi tu: taa ya nyuma ya kioo imekufa.
* Mistari inayobaki hata kwenye menyu ya monita yenyewe: kwa kawaida kioo au saketi yake imeharibika, si kompyuta.

Usalama

Umeme wa Tanzania ni volti 230, lakini kapasita kubwa ya ndani huweza kuhifadhi zaidi ya volti 300, hata baada ya plagi kuchomolewa. Monita za zamani zenye mgongo mkubwa huwa na volti zaidi ya 20,000, na baadhi ya monita bapa za zamani zina taa zenye zebaki. Kwa sababu hiyo kufungua kifuniko ni kazi ya fundi. Monita iliyolowa, inayonuka moshi au inayotoa cheche huchomolewa na haijaribiwi tena kabla ya kukaguliwa.

Kinga

Wakati wa radi, waya wa umeme na wa picha huchomolewa. Stabilaiza husaidia volteji inapopanda na kushuka, lakini haizuii radi. Kitambaa hufunikwa juu ya monita baada ya kuzimwa na kupoa.