Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Hukumu Yake na Matayarisho Yake

Sifa zote njema ni za Allaah, na Rehma na Amani zimfikie Mtume Muhammad, ahli zake na Swahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tumeulizwa na dada yetu mzaliwa wa Pemba aliyeolewa Somanda, mjini Bariadi, mkoani Simiyu. Ana kilo 104 na urefu wa sentimita 160, ana kisukari na presha, na kwa miaka amejaribu kupunguza chakula na kufanya mazoezi bila ya mafanikio. Mumewe yuko tayari kuuza ng'ombe amlipie upasuaji. Mama yake, huko Pemba, anamkataza akisema ni kubadilisha maumbile ya Allaah. Afanyeje?

Hukumu

Mabadiliko ya maumbile yaliyokatazwa (An-Nisaa: 119) si sawa na tiba, kwani Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametuamrisha kutafuta dawa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 huko Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu upasuaji wa kupunguza uzito kwa masharti matatu: uzito uwe umefikia kuwa maradhi, isiwepo njia nyingine isiyokuwa upasuaji, na kuwe na amani ya kutodhurika. Anayetaka kupasuliwa ili apendeze harusini hayumo katika ruhusa hii.

Madaktari hugawa kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa dada yetu ni 104 kugawa kwa 2.56, sawa na 40.6. Kwa muda mrefu kiwango cha kufikiria upasuaji kimekuwa 40, au 35 penye maradhi kama kisukari. Hata hivyo, mwenye kuamua ni daktari muaminifu baada ya vipimo.

Matayarisho

1. Aanzie hospitali ya karibu naye, apimwe sukari, presha na moyo, kisha aombe rufaa. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, jijini Dar es Salaam, hutoa huduma hizi. Puto huingizwa kupitia mdomoni na hutolewa baada ya miezi. Ama upasuaji uliozoeleka huondoa zaidi ya nusu ya mfuko wa chakula, na kilichoondolewa hakirudi.

2. Aulize kuhusu dawa. Sindano nyingi za heparini za kuzuia damu kuganda hutokana na utumbo wa nguruwe. Aombe mbadala. Ukikosekana na ikakhofiwa roho yake, dharura huhalalisha. Vitamini atameza umri wake wote, kwa hiyo achague zisizo na jelatini ya nguruwe.

3. Azungumze na mumewe kuhusu uzazi. Madaktari hushauri mimba icheleweshwe miezi 12 hadi 18. Jambo hili likubaliwe mapema, lisije likazusha ugomvi baadaye.

4. Kukaa bila ya kula kabla ya upasuaji si saumu. Asiyeweza kusimama ataswali kwa kukaa au kulala. Asiyeweza kutumia maji atatayamamu. Ramadhaani ikiingia na daktari akamkataza kufunga, atakula na atalipa akipata uwezo.

5. Alipe madeni, aandike wasia, aswali istikhara. Wala asichukue mkopo wa riba kwa ajili hii.

6. Aanze sasa kula kidogo na polepole. Upasuaji haumuondoshei mtu ulafi, na aliyepasuliwa akarudi kwenye soda na sinia za pilau huweza kurudisha uzito wake.

Kuhusu mama

Kumtii mzazi ni wajibu katika wema, lakini mgonjwa halazimiki kuacha tiba aliyoihitaji. Hata hivyo tunamnasihi dada yetu asiende kwa siri. Amfuate mama au ampigie simu, amueleze maradhi yake na maneno ya daktari, amsomee hukumu hii, kisha amuombe dua. Huenda mama anataja maumbile, na kinachomtia khofu hasa ni kumpoteza mwanawe. Khofu hiyo hutulizwa kwa upole, si kwa kushindana naye kwa dalili.

Tunamuomba Allaah Amponye, yeye na wagonjwa wetu wote.

Na Allaah ni Mjuzi zaidi.