Bao, poka na mfuko wa pili

Ukitoka Nakuru mjini kuelekea Nairobi, kilomita nne hivi, utakuta kilima cha mawe kiitwacho Hyrax Hill, yaani kilima cha pimbi. Louis Leakey alikitambua mwaka 1926, naye Mary Leakey akachimba hapo 1937 na 1938. Wageni wengi huenda kuona makaburi na mabaki ya makazi ya kale. Mimi huenda kuona bao. Mashimo yake yamechongwa kwenye mwamba wenyewe. Waliochonga hawakuacha maandishi, lakini waliacha mchezo.

Mchezo wenyewe una majina mengi: Wamaasai huita enkeshui, Wakikuyu giuthi, Wajaluo ajua. Bao la pwani lina mashimo 32 na kete 64.

Ninayemsikiliza sana kuhusu mambo haya ni mzee mmoja wa hapa Nakuru, dereva wa malori mstaafu. Alijifunza bao Mombasa miaka ya 1970 alipokuwa utingo, wakisubiri mizigo ya bandarini. Baadaye, akiwa dereva, aliingia kwenye karata. Hapa Kenya ukisema poka wengi hufikiria ule mchezo wa "niko kadi". Mzee anazungumzia ile nyingine, ya kuficha karata na kuweka pesa mezani. Waliicheza usiku Salgaa, malori yakiwa yameegeshwa.

"Kijana wangu," huniambia, "kwenye bao ukishindwa usimlaumu mtu. Kete zote zilikuwa mbele yako. Kwenye karata unaweza kufanya sawa na bado ukalala njaa."

Kuna kisa anachokirudia. Usiku mmoja alikuwa na karata nzuri, akacheza vizuri, akapoteza. Usiku uliofuata alicheza kijinga kabisa, akashinda, na wenzake wakamsifu. "Ule usiku wa pili ndio ulioniharibia mwezi," anasema. Ushindi ulimfundisha ujinga, naye akaurudia mpaka posho ya safari ikaisha.

Tangu hapo akaweka sheria ya mifuko miwili. Pesa za mchezo zilikaa mfuko wa shati, na za nyumbani mfuko wa ndani wa suruali. Wa shati ukiisha, anakwenda kulala kwenye lori.

Sasa tuje kwa kompyuta. Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal wa Amsterdam walimaliza kabisa awari, ndugu wa bao kutoka Afrika Magharibi. Programu yao ilipitia hali zaidi ya bilioni 889 za ubao, ikaonyesha kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Ni kama Mzee alivyosema: kila kitu kiko mbele yako, kazi ni kuhesabu.

Poka ilichukua muda zaidi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza programu ya Cepheus, iliyotatua karibu kikamilifu aina moja ya poka ya watu wawili wenye kiwango maalum cha dau. Ilicheza na nafsi yake, na kila mara ikapiga hesabu ya majuto: kama ningechagua vingine, ningepata kiasi gani zaidi? Haikujuta kwa sababu ya mkono mmoja uliokwenda vibaya. Ilijumlisha karata zote ambazo mpinzani angeweza kuwa nazo. Waswahili husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wale watafiti walimfanya mjukuu awe mwalimu. Na ndicho kisa cha Salgaa kwa hesabu: pima uamuzi kwa ulichokijua wakati ule, usiupime kwa pesa zilizoingia.

Kwa nini naandika haya? Kwa sababu kamari imehamia kwenye simu. M-Pesa ilianza 2007, na miaka ya 2010 kampuni za kubeti mpira zikajaa nchini. Vijana wengi wa mtaani wanajua odi kuliko wanavyojua ratiba ya matatu. Lakini Salgaa Mzee aliketi mbele ya dereva mwenzake, akimsoma uso. Kwenye simu, odi hupangwa na kampuni, na faida yake imeshatiwa ndani.

Kibaya zaidi ni kwamba simu imeshona mifuko miwili ikawa mmoja. Karo, unga, kodi na dau vyote viko kwenye salio lile lile, na kati yake kuna namba ya siri tu. Aliyepoteza saa nne usiku hahitaji hata kuvaa viatu ili aendelee.

Wenzangu tunaoandika programu, hapa tuna kazi. Kikomo anachojiwekea mtu asubuhi, kisichoweza kuondolewa usiku, si kitu kigumu kuandika. Ni mistari michache ya kodi. Mzee aliitekeleza sheria hiyo hiyo kwa sindano na uzi.