Kificho, Kiota na Sheria: Upigaji Picha wa Ndege Mbuai Nchini Uingereza, 1892–1981

Historia ya upigaji picha wa ndege mbuai, yaani tai, kozi, vipanga, mwewe na bundi, imezoeleka kusimuliwa kama historia ya vyombo. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, mpiga picha wa zamani alilazimika kukaa karibu na kiota kwa kuwa lenzi yake ilikuwa fupi. Lenzi ziliporefuka, naye akarudi nyuma. Maelezo haya yanavutia kwa wepesi wake, lakini tarehe hazikubaliani nayo. Lenzi ya kuvuta vitu vya mbali ilibuniwa mwaka 1891, na bado wapiga picha wa Uingereza waliendelea kukaa hatua chache tu kutoka kwenye viota kwa zaidi ya miaka sabini. Makala hii inadai kwamba kilichowaondoa pale, zaidi ya lenzi, ni uchache wa ndege wenyewe pamoja na sheria iliyozaliwa na uchache huo.

Mwanzo wa fani hii huhusishwa na ndugu wawili wa Yorkshire, Richard na Cherry Kearton. Tarehe 10 Aprili 1892 Cherry alipiga picha ya kiota cha ndege mdogo mwimbaji kikiwa na mayai ndani yake. Miaka mitatu baadaye ndugu hao walichapisha kitabu kuhusu viota vya ndege wa Uingereza ambacho picha zake zote zilipigwa porini. Ili kuwakaribia ndege bila kuwatisha, walifikia hatua ya kutumia ng'ombe wa bandia: ngozi halisi iliyojazwa na kusimamishwa kwa miguu yake, na mpiga picha akijibana ndani pamoja na kamera. Leo jambo hilo linachekesha. Kwa wakati wake lilikuwa jibu la busara kwa swali gumu, kwani ndege wa mashambani huzoea ng'ombe upesi kuliko anavyomzoea binadamu.

Ni vema kukumbuka mazingira ya kijamii ya kazi hiyo. Katika Uingereza ya karne ya 19, kukusanya mayai ya ndege wa porini kulikuwa burudani ya watoto wa shule na ya mabwana wenye mali pia, na yai la tai au la kozi lilikuwa fahari ya kabati. Mbele ya desturi hiyo, kamera ilionekana kuwa chombo cha upole. Aliyepiga picha aliliacha yai mahali pake. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyowafanya wapiga picha wa vizazi viwili vilivyofuata wajihesabu kuwa watetezi wa ndege bila kujiuliza sana kuhusu madhara ya ukaribu wao.

Kwa nini basi kiota? Sababu ya kwanza ilikuwa mwanga. Bamba za kioo zilikuwa nzito na zilipokea mwanga polepole, na tai aliye angani angeonekana kama doa tu. Sababu ya pili ilitokana na tabia ya ndege mbuai mwenyewe, ambaye huwinda katika eneo pana na hana ratiba inayoweza kutegemewa. Mahali pekee ambapo mtu angeweza kuwa na hakika ya kumwona akirudi ni kwenye kiota chenye makinda.

Hivyo ulizuka utaratibu wa kificho, yaani kibanda kidogo cha turubai na matawi. Kilijengwa mbali kwanza, kisha kikasogezwa au kuinuliwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa hadi ndege akizoee. Siku ya kupiga picha watu wawili walikwenda pamoja. Mmoja aliingia ndani na mwingine akaondoka waziwazi, ndege akaamini kwamba hatari imekwisha. Ujanja huo ulitegemea dhana kwamba ndege hajui kuhesabu, na mara nyingi ulifaulu. Matawi yaliyoziba kiota yalifungwa pembeni, na pengine kukatwa. Hapo ndipo penye doa la utaratibu huu, kwa maana majani yaleyale yaliyomzuia mpiga picha ndiyo yaliyowakinga makinda dhidi ya jua, mvua na macho ya kunguru.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kuuhukumu ukaribu huo kwa hasara zake pekee. Mwandishi na mpiga picha wa Uskoti, Seton Gordon, ambaye kitabu chake kuhusu tai wa dhahabu kilitoka mwaka 1927, alitumia muda mrefu kwenye viota vya milimani. Ni watazamaji wa aina yake waliofahamisha wasomaji jinsi dume na jike wanavyogawana kazi, mawindo yanayoletwa, na namna kinda mkubwa anavyomdhulumu mdogo wake. Mchungaji wa kondoo aliyeamini kwamba kila tai huishi kwa wana-kondoo alipata kwa mara ya kwanza ushahidi wa kupingana na imani yake.

Gharama ya ukaribu ilimwangukia mpiga picha pia. Mwezi Mei 1937, Eric Hosking, kijana wa miaka 27, alikuwa nchini Wales akimpiga picha bundi wa kahawia. Usiku, alipokuwa akipanda gizani kurudi kwenye kificho chake, bundi alimshukia bila sauti na kumpiga kucha katika jicho la kushoto. Alipelekwa London, ambako uambukizo uliwafanya madaktari wahofie macho yote mawili, na lile lililojeruhiwa likaondolewa. Hosking hakuiacha kazi. Mwaka 1948 alipiga picha ya bundi mweupe akiwa amekunja mbawa juu na panya mdomoni, ambayo imebaki kuwa miongoni mwa picha mashuhuri za ndege zilizowahi kupigwa, na mwaka 1970 aliita tawasifu yake kwa jina linalocheza na neno jicho. Katika masimulizi ya fani, tukio la 1937 limekuwa hadithi ya ushujaa. Linaweza kusomwa kwa namna nyingine: bundi alifanya lile ambalo mzazi yeyote hufanya pale mgeni anapopanda kwenye mlango wa wanawe usiku.

Si ndege wote wanaojitetea hivyo. Wengi huondoka tu, na mayai hupoa. Uzito wa hasara ya namna hiyo ulidhihirika zaidi kutokana na utafiti uliofanywa mbali na Uingereza. Leslie Brown, ofisa wa kilimo katika Kenya ya kikoloni aliyefuatilia tai wa Embu na kwingineko kwa miaka mingi, alionyesha kwamba tai mwenye taji humlea kinda wake kwa muda mrefu mno hata baada ya kuruka, kiasi kwamba jozi hutaga kwa kawaida mara moja tu katika miaka miwili. Kwa ndege wa namna hiyo, asubuhi moja ya picha iliyofanywa vibaya huweza kupoteza uzazi wa miaka miwili.

Mabadiliko nchini Uingereza yaliletwa na msiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Derek Ratcliffe aligundua kwamba idadi ya kozi imeshuka chini ya nusu ya ile ya kabla ya vita, na mwaka 1967 akaeleza kwamba maganda ya mayai yamekuwa membamba tangu dawa za kuua wadudu kama DDT zilipoenea. Ushahidi wake aliupata kwa kulinganisha mayai mapya na yale yaliyokuwa katika makabati ya wakusanyaji. Ni kejeli ya historia kwamba mayai yaliyoibwa ndiyo yaliyotoa ushahidi wa kuwaokoa kozi.

Wakati huohuo, huko Loch Garten, Uskoti, jozi ya ndege mbuai wala samaki, waliokuwa wametoweka nchini humo kama wazazi, ilikuwa imerejea. Mwaka 1958 mwizi alipanda kiota chao usiku, akachukua mayai na kuacha ya kuku yaliyopakwa rangi ya viatu. Mwaka uliofuata chama cha kulinda ndege, chini ya George Waterston, kilichukua hatua isiyotarajiwa: badala ya kuificha siri ya kiota, kilialika umma kukitazama kwa darubini kutoka mbali. Watu zaidi ya 14,000 walifika, na makinda wakaruka salama. Kwa mara ya kwanza umbali ulikuwa sehemu ya heshima ya mtazamaji, na haukuhesabiwa tena kuwa kushindwa kwake.

Sheria ilifuata njia hiyohiyo kwa kusuasua. Ile ya 1954 ililinda ndege wengi na mayai yao, ingawa kipanga mdogo aliachwa nje. Ile ya 1967 ilifanya kosa kuwasumbua kwa makusudi ndege adimu wakiwa kwenye viota, na ile ya 1981 ikalipanua katazo hilo hadi kwenye ujenzi wa kiota na makinda wanaowategemea wazazi. Tangu hapo, mpiga picha anayetaka kukikaribia kiota cha tai wa dhahabu au cha kozi huhitaji leseni. Bundi mweupe wa picha ya 1948 naye aliingizwa katika jedwali la ndege wanaolindwa hivyo. Bundi wa kahawia, jamaa ya yule aliyelichukua jicho la Hosking, hayumo. Kiota chake bado chaweza kukaribiwa bila leseni hiyo, kwa hatari ya mkaribiaji mwenyewe.